Siku Tuliyomzungusha Mama

Baba ndiye aliyesema tupande basi la watalii, na mimi ndiye niliyekwenda kukata tiketi. Nalisema hili mapema kwa sababu katika ukoo wetu jambo likiharibika kila mtu hudai siku hiyo hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Simu ilikuwa mkononi mwangu na akili zangu zilikuwa timamu.

Tulikuwa Chennai, India, wiki ya tatu tangu mama afanyiwe upasuaji. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi sawasawa, wakautoa, wakamwekea wa bandia. Tulikuwa watatu tu: mama, baba, na mimi binti yao, niliyechaguliwa kusafiri nao kwa kuwa najua Kiingereza na, kama baba alivyowaambia wateja dukani kwake Sumbawanga, kwa kuwa sina mume wa kumwomba ruhusa. Alisema hivyo mbele ya watu wanaonunua misumari. Nilinuna siku mbili, kisha nikafungasha.

Mama ni mtu wa Kirando, chini huko ziwani, na mama yake mzazi, yaani bibi yangu, alikuwa bado anaishi kule na mjomba. Bibi alianika dagaa maisha yake yote mpaka miguu ilipomkatalia. Kupanda Sumbawanga kuishi nasi hakutaka, alisema baridi yetu ni ya kuhifadhia maiti. Na safari ya India ndiyo hakuitaka kabisa. Tulipokwenda kumuaga alimwambia mama, "Ukifia huko ugenini, nani atakuosha?" Mama, ambaye hasira zangu zote nimezirithi kwake, akamjibu, "Kwa hiyo nife hapa hapa ili upate wa kumwosha?" Bibi akageukia ukutani. Hakutoa mkono, hakuomba dua, hakusema nenda salama. Tulirudi juu kupitia Namanyere, na njia nzima mama alitazama dirishani.

Tangu hapo mama akipiga simu Kirando, bibi aliitika "nimesikia" na kumrudishia mjomba simu. Asubuhi ya upasuaji, wakati wanamvua pete na bangili zake nizishike, mama aliniambia, "Naingia humo ndani sina radhi ya mama yangu." Hakusema anaogopa kisu. Aliyelelewa kama sisi anaelewa: mtoto anaweza kukosa mali, kukosa uzazi, kukosa vyote, lakini akikosa radhi ya mama yake amekosa dunia na akhera. Nilimwambia, mama, ukitoka utampigia, atalainika. Alitoka salama. Akapiga. Bibi akasema "nimesikia."

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku nne tumwone daktari kwa mara ya mwisho turudi nyumbani. Saa moja asubuhi, ambayo kwetu ni alfajiri saa kumi na nusu, simu yangu ikalia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na laini ya kule, mama alitegemea waifai ya nyumba ya wageni tuliyofikia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mjomba, anaongea chini chini kama mtu aliye msikitini: "Mwanangu, baba yako simpati. Bibi yenu hali imebadilika tangu jana magharibi. Anamtaka mama yako. Anasema apigiwe, amsikie tu sauti." Nyuma yake nilimsikia bibi mwenyewe akiuliza, "Yuko wapi mkubwa wangu?" Mama ndiye mzaliwa wake wa kwanza.

Nilimfuata baba, aliyekuwa kwenye korido anakunywa chai ya rangi. Alisikiliza ujumbe wote simu ikiwa sikioni, akanirudishia.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Usimwambie."

Alikuwa na hoja, siwezi kumsingizia. Daktari alikuwa ametuonya jana yake kwamba presha ya mama inapanda na kushuka, na kwamba asipate mshtuko. Halafu kuna desturi. Kwetu habari mbaya haimfuati mtu safarini. Aliyefiwa akiwa mbali huambiwa njoo, fulani anaumwa kidogo, na akifika anakaribishwa ndani, ananawa, anakula, ndipo mkubwa mmoja anakohoa na kumwambia. Mimi mwenyewe kifo cha babu niliambiwa nikiwa nimemaliza sahani nzima ya wali. Ni desturi ya huruma na sijawahi kuicheka. Lakini ni desturi ya aliyekwisha kufa. Bibi alikuwa hai, anaongea, na anachotaka anakijua.

Nikamwambia baba hivyo hivyo. "Baba, huyu hajafa. Anataka kuongea na mwanawe."

"Na mwanawe akiisikia sauti ile atakaa hapa siku nne? Atataka kupanda ndege leo na kidonda kibichi kifuani. Nitakuja kuwazika wawili." Kisha akaniagiza, "Mwambie mjomba wako mama yupo kwa daktari, simu haziruhusiwi. Na tumtoe humu ndani. Shangazi zako wakishapata habari, simu yake haitanyamaza."

Ndipo alipokumbuka basi. Jirani yetu wa chumba cha pili, bwana mmoja wa Unguja aliyemleta mkewe kutibiwa figo, alikuwa ametusimulia juu ya basi linalozungusha wageni mjini kutwa, lenye kiyoyozi na viti vya kulaza. Daktari mwenyewe alikwisha kusema mama anaweza kutoka, asichoke tu. Basi nikamwandikia mjomba uongo wangu wa kwanza, nikashuka kukata tiketi tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Mimi nilisikia la mkuu.

Mama alifurahi, jamani. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Wiki tatu alikuwa ameona dari na wauguzi. Alivaa baibui lake jipya, na juu yake sweta ya Sumbawanga, kwa kuwa alisikia basi lina baridi, akasema, "Leo ndiyo mmekumbuka kwamba nami nina macho." Simu yake nikaiacha chini ya mto makusudi. Alipoiulizia tukiwa ndani ya basi nikasema tutaharakisha kurudi, mama, tazama nje.

Alikaa dirishani, mimi pembeni yake, baba kiti cha nyuma yetu. Kijana wa kutembeza wageni alisema kwa lugha yao, kisha kwa Kiingereza, nami namtafsiria mama ninachokielewa. Kisichoeleweka nikakitunga. Tulipita ngome ya Waingereza wa zamani, tukapita kituo cha treni chekundu kikubwa, na mama akahoji kila kitu. Kwa nini ng'ombe wako barabarani na hawana mchungaji. Kwa nini wanawake wanavaa maua kichwani siku ya kazi. Alimwona mama mmoja wa makamo kwenye pikipiki na sari yake, akacheka mpaka akashika kifua. "Taratibu," baba akasema nyuma. "Niache nicheke, moyo si mnasema mpya," akamjibu.

Saa nne tulishushwa kwenye jumba la makumbusho. Kuna sanamu za shaba za miungu yao, nyingine ina mikono minne. Mama alisimama mbele ya hiyo akasema angepewa mikono minne siku za kupura ulezi angemaliza shamba peke yake. Simu ikatetemeka mkobani. Niliaga naenda chooni, nikasikiliza huko, pua imebanwa na harufu ya dawa ya kusafishia. Mjomba: "Daktari amemaliza? Mwambie hata dakika moja. Mtu huyu anasubiri, mwanangu. Anasubiri kabisa." Niliandika kwamba bado yupo kwenye vipimo. Uongo wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, huo ndio ubaya wake.

Nilipotoka, mama alikuwa amekaa kwenye benchi, baba anampepea na karatasi ya ramani. Wazee wangu wale hawana mapenzi ya kuonyeshana hadharani, lakini alimpepea kama mwari. Nikajua anaogopa kuliko mimi. Nilitamani kumchukia nikashindwa, nikajichukia mwenyewe kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu.

Mchana tukapelekwa mahali pa kula. Chakula wanakipakua kwenye jani la mgomba, wali katikati, mboga vikundi vikundi pembeni, na mtu anapita na ndoo kukuongezea. Mama alipenda. Alisema hii ndiyo akili, hakuna kuosha vyombo. Nilikuwa na tonge mkononi simu ilipotetemeka tena. Saa saba, kwetu saa nne na nusu. Nikanawa, nikatoka mlangoni penye kelele za honi, nikaibana simu sikioni.

Safari hii mjomba hakusema kitu. Alikuwa amemsogezea bibi simu mdomoni. Kwanza pumzi, ndefu, zinakwaruza. Kisha: "Mwambieni mwanangu niko radhi naye. Nilikasirika kwa kumhofia tu. Niko radhi naye duniani na akhera. Na yeye aniwie radhi." Pumzi tena. "Kasikia?" Sauti ya mjomba ikajibu, "Atasikia, mama."

Nililia pale kando ya barabara, watu wananipita. Kisha nikarudi ndani nimekata shauri kumpa simu. Wallahi nilikuwa nimekata shauri. Baba aliniona uso akainuka, akanizuia kati ya meza.

"Baba, bibi anatoa radhi," nikamnong'oneza. "Ndicho mama alichokuwa anakililia. Acha aisikie, ampigie."

Alifumba macho. "Radhi ikishatolewa haipotei. Mungu kaisikia, mjomba wako kaisikia. Ataikuta nyumbani." Akanishika mkono. "Mwanangu, ukimwambia akaanguka hapa, mimi nawe tutamwambia nini huyo bibi?"

Kijana wa basi akaanza kuita watu wapande. Mama akatuita kutoka mezani, "Njooni mnipige picha na hili jani, mumtumie mjomba amwonyeshe mama. Aone nakula." Nikampiga picha. Ninayo, amekaa wima, mkono wa kulia una wali, anatabasamu kwa meno yote. Akaniuliza kama imekwenda. Nikasema mtandao hapa ni mbovu, itakwenda tukifika.

Ningeweza kumpa simu wakati ule na baba asingenipiga. Nina umri wangu, nilikwisha kuzidi kupigwa. Niliogopa kumwua mama, na pia, niseme ukweli, niliona nafuu kwamba mtu mwingine ameamua.

Mchana uliobaki siukumbuki vizuri. Tulipita hekalu lenye mnara wa sanamu za rangi zote, mama akabaki nje na viatu vyake. Tulifika ufukweni karibu saa kumi na moja, jua bado kali. Kuna wachoma mahindi pale, wanayapaka ndimu na pilipili. Mama alinunua moja, akalitafuna, akatoa hukumu kwamba mahindi haya yamevunwa kabla ya wakati na kwamba watu hawa waletewe mbegu kutoka Ufipa. Alitaka kukanyaga maji. Nikamshika mkono mpaka mawimbi yakamlowesha vifundo. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Mtu wa ziwa. "Maji yote haya na huwezi hata kupikia," akasema. "Mama angeona angesikitika." Kisha akasema, "Nikirudi nashuka Kirando moja kwa moja, simalizi hata siku mbili mjini. Nitapiga magoti mpaka anielekee."

Simu haikutetemeka mara nyingi. Mara moja tu. Sikuhitaji kuifungua lakini niliifungua, mkono mmoja nimemshika mama. Mjomba alikuwa ameandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, basi, hakuna neno jingine. Nilimtazama baba aliyekuwa nyuma na viatu vya mama mkononi. Alielewa. Akainama akaanza kukung'uta mchanga kwenye vile viatu, akakung'uta, akakung'uta, muda mrefu sana.

Siku nne zilizofuata tulimficha mama simu kwa visingizio ambavyo hata mtoto angevishtukia. Labda hakutaka kuvishtukia. Tulirudi, tukashuka Mbeya, ndugu wakatupokea kwa gari, tukapita Tunduma na Laela na Mpui, na mama anahesabu vijiji kwa furaha. Nyumbani palikuwa kimya. Watu walikuwa wamewekwa kwa jirani wasionekane. Mama alinawa, akapewa uji wa ulezi, akamaliza bakuli. Baba akakohoa.

Mama hakuanguka. Moyo ule wenye mlango wa bandia ulistahimili kila kitu. Alilia kilio cha chini, kisha akauliza swali moja, "Aliugua siku ngapi? Alisema nini?" Na hapo baba, ambaye tulikwisha kukubaliana angemfikishia radhi ya bibi, akaogopa. Kama angesema bibi alisema neno, mama angeuliza lini, na kwa nini hakuambiwa. Nikamsikia anasema, "Ilikuwa ghafla tu. Alizimika, hakusema na mtu. Hakuteseka." Alidhani anampoza.

Nikakaa kimya. Tuliposhuka Kirando kaburini, mama akamuuliza mjomba swali lile lile mbele ya waombolezaji. Mjomba alimtazama baba, akanitazama mimi. Ni mtu wa heshima, hawezi kumwumbua shemeji yake kwenye matanga. Akasema, "Alikuwa hajitambui, dada."

Tangu siku ile mama akawa anawaambia wanaokuja kumpa pole, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mama yake ameondoka hana radhi naye. Wanawake walimwambia usiseme hivyo, mzazi hawezi. Akawajibu, "Angekuwa radhi angesema. Alikuwa na ulimi." Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai.

Baada ya hitima ya arobaini nilikuta dawa zake za moyo kabatini, karatasi nzima haijaguswa. Daktari alisema dawa zile ni za kila siku mpaka kufa. Nilimfuata chumbani nikamuuliza. Alikuwa anakunja kanga. "Dawa za nini?" akasema. "Mtu asiye na radhi ya mama yake, hata ukimbandika mioyo miwili ni kazi bure."

Basi. Nikakaa kitandani, nikatoa simu, nikamfungulia ule ujumbe wa saa saba. Alisikiliza amesimama. Akasema, rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu alikaa sakafuni, akaweka simu kwenye shavu, na midomo yake ikawa inajibu bila sauti. Bibi alipouliza "kasikia?", mama akasema, "Nimesikia, mama."

Nilidhani yamekwisha. Akatazama kioo cha simu. Mama hasomi sana lakini tarehe na saa anazijua.

"Hii ndiyo siku ya basi?"

"Ndiyo, mama."

"Saa saba. Tulikuwa tunakula."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole, jani la mgomba, hekalu, mahindi, mpaka maji. Alihesabu taratibu, kama anayehesabu rakaa alizokosa. Kisha akaifunga simu, akanipa, akashika kitanda kuinuka. Nilitaka kumsaidia akautoa mkono wangu.

"Radhi ya mama yangu nimeipata," akasema. "Nitakunywa dawa. Baba yako nitasema naye mwenyewe. Lakini wewe ni mtoto wangu, na ulikuwa umenishika mkono. Ya kwangu, kwa leo, sina ya kukupa."

Huu ni mwaka wa pili. Tunakula sahani moja, ananituma sokoni, ananiita mwanangu, dawa anakunywa kila asubuhi. Baba yeye alikwisha kusamehewa, nawasikia wakicheka chumbani. Mimi bado sijathubutu kumuuliza.